Kumshinda Babu Mapema

Jana nilirudi kutoka zamu nikiwa sina nguvu hata ya kuvua viatu. Nikajitupa kwenye kochi, nikafumba macho, na kutoka chumbani kwa mwanangu ukaja mlio mdogo, mkavu: ko. Kimya. Ko. Kimya kirefu zaidi. Ko. Sikuhitaji kuuliza. Mtoto alikuwa amepakua mchezo wa chesi kwenye simu yangu ya zamani, na waliouunda wameupa sauti ya kete ya mbao inayotua ubaoni. Hawakukosea, ndiyo yenyewe. Niliisikia jioni nyingi za utoto wangu pale Bulyaga, mvua ya Tukuyu ikipiga bati juu yetu, na kila ilipolia mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: bado hatua ngapi mama aingie ndani.

Niwaeleze taratibu, maana leo sina mbio na mtu.

Nyumba yetu baba aliijenga kama wengi wanavyojenga, kidogo kidogo, pumzi ikikatika anasimama. Sebule ilikuwa mbele, na vyumba vyote vya kulala vilifungukia hapo sebuleni. Jiko lilikuwa nje, uani, kibanda cha mabanzi chenye bati la kuokoteza. Mtu akitoka jikoni akitaka kwenda kulala, alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele, akakatiza sebule. Mlango wa nyuma, wa kutoka uani moja kwa moja hadi chumbani kwa wazazi, ulikuwepo kwenye mipango. Baba alikuwa ameshauchora kwa mkaa ukutani kwa nje, ukubwa wake kamili, mpaka na kitasa. Mgeni akiuliza kile ni nini, baba alijibu bila aibu, "Mlango."

Bibi alipofariki kule Masoko, baba akaenda kumchukua babu akaja kukaa nasi. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Wasiotoka kwetu niwafahamishe: kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mke. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima ile ilikuwa nzito kuliko gunia la chai mbichi. Watu wengi wa kanisani walikuwa wameshaiacha, na wenzake mama kule shambani walimcheka. Lakini babu hakuiacha, na mama aliyelelewa na bibi yake kule Lufingo hakuthubutu kuwa wa kwanza kuivunja. Kwa hiyo chakula cha babu nilikipeleka mimi, maji ya kuoga niliyapeleka mimi, salamu za asubuhi nilizibeba mimi. "Mwambie babu mama anauliza ameamkaje." "Mwambie mama yako ndaga, asante, nimeamka." Na walikuwa wametenganishwa na ukuta wa tofali moja, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Babu alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya ujana wake kama mpishi kwenye klabu ya mameneja wa mashamba ya chai. Alichotoka nacho huko ni mapishi ya keki ambayo hakuna aliyemwomba, kikohozi, na chesi. Vitabuni huitwa sataranji, lakini kwetu ilikuwa chesi tu. Kete zake zilikaa kwenye mfuko wa sukari wa kitambaa, na askari mmoja mweupe alikuwa amepotea zamani, nafasi yake ikashikwa na kizibo cha chupa. Kila jioni baada ya kula, babu alizimwaga mezani, akapanga nyeusi upande wake na nyeupe upande wangu. "Mtoto aanze," alisema. Siku zote mimi nilikuwa mweupe.

Alicheza polepole, ndugu zangu, polepole ya kutisha. Angeinua farasi, akamshika hewani, akaniuliza habari za shule, akakohoa, akamrudisha farasi alipokuwa. Mchezo mmoja ulikula jioni nzima. Nami sikujali, mpaka siku niliyotoka uani kuchukua maji.

Nilimkuta mama kwenye kigoda, kichwa kimeegemea mabanzi, mdomo wazi kidogo. Alikuwa mchuma chai. Alitoka alfajiri na kapu mgongoni, akirudi mchana kanga imelowa mpaka kiunoni, kisha kuna kuni, kuna ndizi za kumenya, kuna wadogo zangu wa kuogesha. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, hata Jumapili. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani na baridi ya Tukuyu mnaijua, haina huruma. Nikamgusa bega.

"Mama, mbona huendi kulala?"

"Babu yako yupo sebuleni," akasema bila kufumbua macho. "Nitapitaje?"

Nilirudi ndani na maji yangu nikiwa mtu mwingine. Baba alikuwa kiwandani, zamu ya jioni, hakuna wa kumwambia. Babu ndiye aliyekaa kwenye njia ya mama, na babu hasogei mpaka mchezo uishe. Basi nikaamua mchezo utakuwa unaisha mapema. Nilikuwa darasa la tano, na sijawahi tena maishani kuwa na lengo lililonyooka namna hiyo.

Mtasema, si ungeshindwa tu haraka ukaenda zako? Nilijaribu. Nikampa malkia wangu bure kabisa. Babu akaniangalia kwa huzuni, akapanga kete upya. "Gwe mwana, njoo tuone ulipoteleza." Na tukaona nilipoteleza, na nilipokaribia kuteleza, na ambapo meneja fulani mnene wa zamani aliwahi kuteleza vilevile. Ilikuwa mbaya kuliko kucheza. Kushindwa kulikuwa na somo nyuma yake. Lakini yeye akishindwa, hakutaka maneno. Alinyanyuka, akasema "Naenda kuulalia huu," akaingia chumbani kwake kuutafakari kitandani. Kwa hiyo njia ilikuwa moja: kushinda, na kushinda mapema.

Bahati ikaja shuleni. Tulipata mwalimu wa mazoezi kutoka chuo, kijana wa Mbeya mjini mwenye suruali ya kubana, aliyekuwa akicheza chesi chuoni kwao. Nikamfuata nikamwambia nataka kumfunga babu yangu haraka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa wewe dogo ukiwa mweupe, una zawadi tayari," akaniambia. "Unaanza wewe. Watu wengi hiyo zawadi wanailaza tu. Usiilaze. Toa askari, nunua muda. Yeye akiwa anatafuna, wewe unatoa jeshi."

Toa askari, nunua muda. Nililala na kuamka na maneno hayo. Wakati wa mapumziko mwalimu alichora vyumba vya ubao kwenye udongo kwa kijiti, tukatumia punje za mahindi na maharage, akanifundisha jinsi ya kujibu kila ambacho babu alipenda kujibu. Na kwa kuwa kichwa changu hakikushika majina ya kigeni, kila njia niliipa jina la barabara zetu.

Babu akijibu askari wangu wa mfalme kwa askari wake wa mfalme, wakasimama pua kwa pua, hiyo ilikuwa njia ya Masoko. Papo hapo nilisogeza askari wa jirani yake, nikamwacha aliwe. Akiliwa, nilimtoa farasi, nikamtoa askofu, nikamficha mfalme pembeni, na ngome yangu ikabaki imekodolea macho kile chumba kilicho ubavuni mwa mfalme wake, chumba kisicholindwa na mwingine ila mfalme mwenyewe. Niliiita ya Masoko kwa sababu ni mteremko: ukishaanza kushuka huwezi kusimama katikati ukasema nimeghairi. Babu akijificha, akasogeza askari wake chumba kimoja tu, hiyo ilikuwa ya Lufingo, ya kupanda. Nilisukuma askari mbele ili wambane, malkia akatoka kumtishia kabla hajapata pumzi. Na akianza na askari wa pembeni, jambo alilofanya akiwa na mafua, nilimtupia askari wawili wa bure, farasi na maaskofu wangu wakatoka kwa barabara pana. Hiyo niliita njia ya Mbeya, maana ina lami.

Sikuwa na njia ya nne. Kusema kweli sikuwa najua chesi. Nilijua kushambulia tu, na nikiwa mweupe tu. Mngenipa kete nyeusi ningekaa nazitazama kama mgeni aliyeletewa chakula asichokijua.

Lakini ilifanya kazi! Jioni ya kwanza niliyoiteremka njia ya Masoko, babu alimla askari wangu kwa furaha ya mtu aliyeokota embe njiani, na kabla wadogo zangu hawajamaliza kugombania shuka, mfalme wake alikuwa amebanwa hana pa kwenda. Akautazama ubao. Akanitazama. "Naenda kuulalia huu," akasema. Mlango wake ulipofungwa nikakimbia kuzunguka nyumba, miguu peku kwenye tope.

"Mama! Nimeshinda! Babu ameingia kulala, njoo ndani."

Mama aliinua uso kutoka kwenye moto, akashusha pumzi ndefu. "Ee. Haya, nakuja."

Ile pumzi niliichukulia kuwa ya shukrani. Msimu mzima wa mvua niliishi kwa ajili yake. Si kila siku nilishinda, lakini nilishinda mara nyingi za kutosha, na kila siku nikatafuta namna ya kuupunguza mchezo hatua moja zaidi. Darasani nilikuwa nasinzia. Mwalimu wa mazoezi alipoondoka, niliendelea mwenyewe na maharage yangu. Nilichoka, jamani, uchovu wa kitoto usio na jina, lakini nilijiona mtu wa maana nyumbani kwetu kuliko hata baba, ambaye mlango wake ulikuwa bado wa mkaa.

Halafu ikaja ile jioni ya mvua ya mawe. Mama alikuwa ametoka shambani anatetemeka, akakataa kula, akaniambia tu nipeleke chakula cha babu kabla hakijapoa. Nikaona macho yake mekundu. Nikapanga kete mwenyewe, hata babu hajanawa mikono.

"Leo una haraka," babu akasema.

"Mtoto aanze," nikamjibu, nikasukuma askari wa mfalme. Akajibu pua kwa pua. Njia ya Masoko. Nikasukuma yule wa pili ili aliwe, nikangoja.

Babu hakumla. Alimwangalia kwa muda mrefu, akatabasamu, akamtoa askofu wake mpaka katikati, akakaa akichungulia pale pale mfalme wangu alipotaka kwenda kujificha. Msimu mzima alikuwa akila chambo, na siku ile ndiyo aliyoamua kushiba. Kumbe kule kitandani alikuwa akiulalia kweli.

Sikujua la kufanya. Mwalimu alikuwa amewahi kuniambia kwamba mtu akikataa zawadi, tulia, jenga. Lakini nitulie vipi, mvua inapasua bati na mama anatetemeka chini ya kibanda kinachovuja? Nikafanya haraka. Nikamla askari wake wa katikati kwa yule askari aliyekataa kumla. Malkia wake akatoka mkuku hadi ukingoni.

"Cheki," akasema babu kwa upole.

Nikamziba kwa askari. Malkia akageuka akala askari wangu wa kwanza, akasema cheki tena, na nikaona tayari ameikodolea ngome yangu iliyo kona. Mchezo ulikuwa umekufa ukingali mchanga. Na nyuma ya kushindwa nilijua kuna nini. Kuna kupanga upya, kuna gwe mwana tuone ulipoteleza, kuna meneja mnene. Nikalaza kichwa juu ya kete na nikalia kwa sauti.

Babu aliogopa. Alinishika mkono. "Ni chesi tu, mjukuu wangu. Ni chesi tu hii."

"Mama anaumwa," nikasema. "Yuko jikoni. Hawezi kupita mpaka wewe ulale."

Alinikazia macho. Nadhani alisubiri niseme kwamba natania.

"Si kuna mlango huko nyuma?" akauliza. "Baba yako aliniambia ameweka mlango."

"Ni wa mkaa, babu. Umechorwa."

Hebu mfikirieni mzee yule. Tangu aje kwetu hakuwahi kukanyaga uani, maana uani ni kwa mkamwana, na mkwe mwenye adabu zake haendi kuchungulia huko. Wala hakuuliza, maana mwanaume haulizi mkamwana anaingilia wapi na analala saa ngapi. Mama naye hakusema, kwa adabu zake. Baba hakusema, kwa aibu zake. Heshima ilikuwa imejaa nyumba ile mpaka nafasi ya kupita mtu ikakosekana.

"Mimi nilikuwa nakuweka hapa kwa makusudi," babu akasema. "Nilijiambia, nikimkalisha huyu mtoto, mama yake naye atapata kukaa kidogo bila mtu wa kumwita-mwita. Ndiyo maana sikuwa na haraka. Ee Kyala, Mungu wangu, kumbe nimemweka mtoto wa watu kwenye baridi."

Akasimama. Hakusema anakwenda kuulalia. Alikohoa kwa nguvu, kile kikohozi cha wazee cha kutoa taarifa, akaingia chumbani, na nikasikia anasogeza kiti akikiegemeza mlangoni kwa ndani ili hata kwa bahati mbaya asitoke. Nilikwenda kumleta mama, nikamfunika mablanketi yote tuliyokuwa nayo, na homa yake ikamlaza siku kadhaa.

Asubuhi yake babu alimkalisha baba chini. Sikusikia mengi, nilisikia tu baba akimjibu baba yake "Ndaga, tata" mara nyingi kwa sauti ya mtoto. Mama alipoanza kupona, fundi alikuwa ameshavunja ukuta palepale kwenye mkaa. Vumbi la tofali lilituingia mpaka kwenye mboga. Mlango ukawekwa, wa mbao mbichi, bila rangi, ukilia kila ukifunguliwa, lakini mlango wa kweli. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Jioni mama aliporudia kazi zake za kawaida, nilicheza na babu nikiwa mwepesi. Nikapita njia ya Lufingo nikamshinda kwa kasi, kwa mazoea tu. Nikaenda kuchungulia, nikakuta chumba cha wazazi kina giza na kitanda kitupu. Nikafungua mlango mpya wa uani.

Mama alikuwa kwenye kigoda. Miguu ameinyoosha kuelekea moto, kanga ameilegeza, kikombe cha chai kimetulia kwenye goti. Hakuwa akipika wala kumenya chochote. Alikuwa akitazama moto, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua, msichana hivi.

"Mama, mlango si upo?"

"Nauona, mwanangu."

"Sasa mbona huji kulala? Nimeshamshinda babu."

Akanigeukia, akanitazama kwa upole na kwa namna ya kukata tamaa. "Mara hii?" akasema.

Nilidhani ananisifu.

Babu ameshatangulia mbele ya haki, tulimzika kwao Masoko. Nami sasa nina umri wa mama wa wakati ule, na zamu zangu, na mtoto anayeniita kabla sijatua mkoba. Juzi nilishuka kwenye bajaji nikakaa kwenye benchi la muuza mkaa, mita chache kutoka getini kwangu, bila sababu yoyote, mpaka yule mama wa mkaa akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Mtoto hajui kwamba kulala na kupumzika ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuhitaji hiki kuliko kile. Babu, ambaye hakuwahi hata mara moja kumtazama mama usoni, alilijua hilo. Mimi niliyekuwa nikimwona kila siku sikulijua.

Jana, pale kwenye kochi, nilimpigia mama simu Tukuyu. Nikamwambia mjukuu wake anacheza chesi, kisha nikamuuliza kuhusu zile jioni za jikoni, nilipokuwa nakuja mbio na tope miguuni. Alicheka, akacheka tena.

"Ile siku ya homa ulinisaidia, siwezi kusema uongo," akasema. "Lakini zile nyingine zote, mwanangu, nilikuwa nakaa pale nasali babu yako akushinde."